Uso wa duka wa mbao kwa mtindo wa zamani: miguu ya fremu ichimbiwe kwenye zege au iinuliwe?

Swali, kutoka kwa Mshonaji

Ndugu mafundi na wamiliki wa maduka, naomba ushauri wenu kabla sijatoa malipo ya awali kwa kazi ambayo sitakuwa na uwezo wa kuirudia.

Ninaendesha duka dogo la ushonaji lililo chini ya jengo la zamani la ghorofa. Uso wa duka kwa sasa ni fremu za alumini ambazo zilikuwapo kabla sijaingia; zimelegea, mipira inayozunguka vioo imekauka na kupasuka, na mlango unakwaruza sakafu kila unapofunguliwa. Kwa kuwa fremu hizo hazina budi kutolewa, nimeamua kuweka mahali pake uso wa mbao kwa mtindo wa zamani: nguzo bapa pande zote mbili, ubao mpana wa jina la duka juu yake, taji la mbao lililochomoza juu ya ubao huo, dirisha la maonyesho lililokaa juu ya kikuta kifupi, na mlango wenye kioo sehemu ya juu. Uwazi wenyewe una upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.9, na unapokea mvua ya upepo na jua la mchana bila kizuizi chochote.

Nimezungumza na maseremala wawili, na kila mmoja ameniambia jambo linalopingana na la mwenzake. Wa kwanza anataka miguu ya fremu ichimbiwe sakafuni na kushikwa kwa zege, kisha kila ufa uzibwe kwa silikoni ili tone la maji lisipate pa kupita. Wa pili anasema kwamba mbao zisiguse sakafu kabisa, na kwamba zipo sehemu zinazopaswa kuachwa wazi kwa makusudi. Mimi ninajua jinsi kitambaa kinavyosinyaa na kuvutika, na ndiyo maana kabla ya kukata huwa nakilowesha na kukiacha kikauke. Lakini tabia ya mbao siijui, na nimeshindwa kuamua nani nimfuate.

Ninaomba pia kuelezwa ni mbao za aina gani zinazofaa, na kama dirisha liwe la kioo kimoja kikubwa au ligawanywe. Nguo ninazoziweka dirishani hupauka kwa jua, kwa hiyo ikiwa kipo kioo kinachopunguza tatizo hilo ningependa kukifahamu sasa, wakati fremu bado haijapimwa.

Jibu la kwanza, kutoka kwa Seremala

Ndugu Mshonaji, mfuate fundi wa pili. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ukiielewa sababu yenyewe utaweza kuisimamia kazi nzima hata bila kushika patasi.

Fangasi wanaoozesha mbao wanahitaji ubao ambao unyevu wake umezidi asilimia 20 hivi ya uzito wa ubao mkavu, tena kwa muda mrefu. Ubao mzuri uliofungwa nje, ukipata hewa, hutulia kati ya asilimia 12 na 18. Ukinyeshewa jioni na kukauka kesho yake hakuna kinachoharibika. Jambo hilo linaweza kujirudia kwa miaka mingi mno bila madhara. Hatari iko pale ambapo maji yameingia na hayana njia ya kutoka. Sasa litazame pendekezo la fundi wa kwanza. Nyuzi za mti ni mirija midogo iliyolala kwa urefu wa ubao, na kichwa cha ubao, yaani pale msumeno ulipozikata nyuzi hizo, ndipo midomo ya mirija ilipo. Ukikisimamisha kichwa hicho ndani ya zege lenye unyevu, umeiweka mirija mdomoni mwa maji. Kisha ukiziba kwa silikoni kuzunguka mguu, umefunga mlango ambao maji hayo yangeutumia kurudi. Ubao utaonekana mzima kwa nje, rangi iking'aa, huku ndani ya sentimita 20 za chini ukilainika kidogo kidogo.

Mimi huimaliza miguu ya nguzo za mlango namna hii. Kichwa cha chini hukatwa sawasawa, hupigwa msasa, kisha hunyweshwa rangi ya msingi mara tatu, kila mara nikisubiri hadi kikatae kunywa zaidi. Katikati yake hutobolewa tundu la pini ya chuma cha pua, yaani kisichoshika kutu, yenye kipenyo cha milimita 12, na pini hiyo huzama kwenye jiwe au zege lililo chini. Nguzo husimama juu ya pini, ikiacha mwanya wa milimita 10 hadi 15 kati ya ubao na sakafu. Mpita njia hauoni mwanya huo, lakini hewa inaupata. Kwa kikuta kilicho chini ya dirisha, ninashauri angalau sentimita 15 za kwanza ziwe za jiwe, tofali au zege lililopigwa lipu, kwa maana mvua inayodunda chini hurusha matone hadi kimo hicho na kukipita. Mbao zianzie juu ya hapo.

Jambo la pili ni kingo ya dirisha, ule ubao mnene wa chini ambao fremu inaukalia. Sehemu yake ya juu lazima iwe na mteremko unaoonekana kwa macho, karibu sentimita 1 kwa kila sentimita 7 za upana, na ichomoze sentimita 3 au 4 mbele ya kikuta. Chini ya ukingo huo kuchimbwe mfereji mdogo wa upana wa milimita 8 hivi, uendao urefu wote. Tone la maji likifika ukingoni halidondoki moja kwa moja; hung'ang'ania ubao na kutambaa upande wa chini kuelekea ukutani. Likifika kwenye mfereji hukosa pa kushika, nalo huanguka. Nimeona kazi nzuri sana zikiharibika kwa sababu mchora rangi aliujaza mfereji huo kwa puti akidhani ni kasoro, kwa hiyo mwonyeshe mapema na umwambie kazi yake.

Kuhusu maungio, dai ulimi wa ubao mmoja uingie ndani ya tundu lililochimbwa kwenye ubao wa pili, ulimi ukiwa na unene wa karibu theluthi moja ya ubao. Usikubali mbao zilizokutanishwa tu na kupigwa skrubu. Hapa ndipo ujuzi wako wa kitambaa utakusaidia: mbao nazo husinyaa na kuvimba, ila si sawa kila upande. Kwa urefu wa nyuzi mabadiliko ni madogo kiasi cha kutohesabiwa, lakini kwa upana ni makubwa, na ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyoni. Ubao wenye upana wa sentimita 20 unaweza kupungua karibu milimita 3 ukitoka unyevu wa asilimia 18 hadi 12. Kwa sababu hiyo, paneli za kikuta na za mlango zisigundishwe kwenye fremu. Zikae huru ndani ya mifereji yake, zikiwa na nafasi ya kucheza, tena zipakwe rangi kabla ya kufungwa. Zikipakwa baada ya kufungwa, ukame wa kwanza utakapofika paneli itajivuta na kuonyesha mstari mweupe wa ubao usio na rangi kando yake, na mstari huo ndio utakaokuwa wa kwanza kunywa maji.

Aina ya mbao ina uzito wake, ingawa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mvule, msaji na mwaloni ni mbao zinazostahimili nje kwa asili, lakini ustahimilivu huo uko kwenye moyo wa mti tu. Sehemu ya pembeni, ile yenye rangi hafifu iliyo karibu na gome, haistahimili kuoza katika mti wa aina yoyote ile, kwa hiyo ubao wa mvule wenye ukanda mpana wa rangi hafifu ni ubao dhaifu unaouzwa kwa jina kubwa. Msonobari uliotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani na kupakwa rangi vizuri hufaa pia, mradi kila mahali fundi anapokata ndani ya karakana arudishie dawa, kwa sababu dawa ya kiwandani haifiki katikati ya ubao. Ukichagua mwaloni, skrubu na vyuma vyote viwe vya chuma cha pua au shaba nyeupe. Asidi iliyomo ndani ya mwaloni hula chuma cha kawaida na kuacha madoa meusi yasiyofutika.

Mwisho, uso wa duka haubebi jengo. Kabla ya kung'oa alumini, hakikisha kwamba juu ya uwazi kuna boriti au linta inayoushikilia ukuta wa ghorofa, na kama kuna shaka yoyote mwite mhandisi wa majengo aitazame. Fremu mpya iachiwe mwanya wa milimita 10 hivi kwa juu, ili boriti ikishuka kidogo kwa uzito isiukalie mlango wako.

Jibu la pili, kutoka kwa Fundi Vioo

Nakubaliana na mengi aliyosema Seremala, nami nitajibu upande wa vioo, kisha nirudishie silikoni heshima yake kidogo.

Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Ukitoa nguzo bapa, mlango na fremu kwenye mita zako 3.6, utabaki na dirisha lenye upana wa mita 2.1 hivi, na kimo chake kitakuwa karibu mita 1.6. Kioo kimoja cha ukubwa huo chenye unene wa milimita 10 kina kilo 84. Hicho kinahitaji watu kadhaa na vishikizi vya kunyonya ili kuinuliwa, na kikivunjika hakuna wa kukibadilisha siku hiyo hiyo. Ukiligawanya dirisha kwa nguzo nyembamba moja katikati, kila kipande kitakuwa na nusu ya uzito huo kwa unene uleule, na mara nyingi unene wenyewe utaweza kupungua. Mimi ningeligawanya. Unene kamili upigiwe hesabu na atakayekuuzia kioo, kwa kufuata ukubwa wa kipande na nguvu ya upepo wa mahali ulipo.

Kwa duka lenye watu wanaopita karibu, usikubali kioo cha kawaida, ambacho kikivunjika hutoa vipande virefu vinavyokata kama kisu. Zipo aina mbili za kioo cha usalama. Ya kwanza ni kioo kilichokazwa kwa moto, ambacho kikivunjika husambaratika kuwa chembe ndogo butu. Hiki kikishakazwa hakiwezi kukatwa tena wala kutobolewa, kwa hiyo vipimo vichukuliwe fremu ikiwa imeshasimama. Ya pili ni kioo cha matabaka, yaani vioo viwili vilivyogandamizwa pamoja na karatasi ya plastiki katikati, ambacho kikivunjika hubaki mahali pake kikiwa na nyufa. Kwa shida yako ya nguo kupauka, hiki cha matabaka ndicho jibu, kwa sababu plastiki hiyo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Hata hivyo, mwanga wa kawaida na joto navyo hupausha rangi, kwa hiyo utapunguza kasi tu, na bado utahitaji kubadilisha nguo za maonyesho mara kwa mara.

Ukichagua kioo cha matabaka, mwambie fundi asitumie puti ya mafuta ya kitani iliyozoeleka kwenye madirisha ya zamani, wala silikoni ile yenye harufu kali kama ya siki. Vyote viwili hushambulia plastiki ya katikati kupitia ukingo wa kioo, na baada ya muda utaona ukanda wa ukungu ukiingia kutoka pembeni, nao hausafishiki. Atumie silikoni isiyo na asidi, pamoja na papi nyembamba za mbao za kukishikilia kioo. Kioo kikalie vipande viwili vya plastiki ngumu, kila kimoja kikiwa robo ya upana kutoka pembeni, na kizungukwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 ili kisiguse mbao popote. Papi ya chini iwe na mteremko kuelekea nje, na chini yake kuwe na njia ndogo ya kutolea maji, kwa maana hata kazi nzuri kiasi gani, siku moja maji yatapita nyuma ya papi hiyo.

Silikoni ina mahali pake halali, nako ni pembeni na juu, kati ya fremu na ukuta. Huko ukuta na mbao hucheza kwa namna tofauti, na saruji ikijazwa hapo itapasuka ndani ya msimu mmoja. Mwanya wa milimita 6 hadi 10, kamba ya sponji ikisukumwa ndani, kisha silikoni juu yake: hivyo ndivyo inavyofanywa. Kosa la fundi wako wa kwanza ni kutaka kuziba hata chini.

Jibu la tatu, kutoka kwa Mwenye Duka la Maua

Nimesoma majibu haya nikiwa nimekaa karibu na mlango ambao ulitengenezwa jinsi yule fundi wa kwanza anavyotaka, na naomba nieleze kilichotokea ili Ndugu Mshonaji aone mambo haya si nadharia.

Uso wa duka langu uliwekwa miaka saba iliyopita. Ulikuwa wa kupendeza mno, na kwa miaka miwili nilijivunia kila nilipofungua asubuhi. Katika mwaka wa tatu niliona lengelenge dogo la rangi, kubwa kiasi cha ukucha, chini kabisa ya nguzo ya mlango upande wa bawaba. Nililikwangua, nikapaka rangi, nikasahau. Miezi michache baadaye yalikuwa matatu, na mlango ulianza kushuka upande wa kitasa. Siku niliyoamua kuchunguza, niliweka ncha ya bisbisi kwenye lengelenge moja na kusukuma kwa kidole tu, bila nguvu, nayo ikazama sentimita 4. Nilipoitoa ilikuja na unyuzinyuzi wa kahawia uliolowa, wenye harufu ya udongo wa msituni. Wakati huo mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma matatu.

Seremala aliyekuja kurekebisha alivunja vigae vya mlangoni na kunionyesha kwamba mguu wa nguzo ulikuwa umeingia sentimita 8 ndani ya saruji, na vigae vilikuwa vimelazwa hadi kuigusa mbao, kisha pembeni ikapigwa silikoni safi kabisa. Kila nilipopiga deki, na kwa biashara ya maua mimi hupiga deki mara nyingi kwa siku, maji yalipenya katikati ya vigae na kukusanyika ndani ya shimo lile. Mvua haikuhusika, nilikuwa nikilimwagilia mwenyewe.

Nguzo haikulazimika kutolewa yote. Alikata sehemu iliyooza na sentimita 30 zaidi ya mbao iliyoonekana nzima, akaunga kipande kipya kwa mkato wa mshazari mrefu, mteremko wake ukielekea nje ili maji yasikae kwenye kiungo, na safari hii mguu ukakalishwa juu ya pini kama alivyoeleza Seremala hapo juu. Tangu hapo sijaona lengelenge hata moja. Ninachojutia ni ile miezi niliyopaka rangi juu ya dalili, kwa maana lengelenge la rangi chini ya nguzo ni maji yanayotafuta pa kutokea.

Jibu la nne, kutoka kwa Mchora Ramani

Ningependa kuongeza jambo linalotangulia yote haya. Ndugu Mshonaji amesema jengo ni la zamani. Kabla ya kuchora chochote, fungua kwa uangalifu bango la sasa lililo juu ya alumini na utazame nyuma yake kwa tochi. Waliofunga fremu za chuma na alumini mara nyingi hawakubomoa uso wa zamani, waliufunika. Nimewahi kukuta nyuma ya bango ubao wa awali wa jina pamoja na taji lake, na pembeni, chini ya mbao laini zilizopigiliwa, nguzo bapa zikiwa nzima. Hata kikibaki kipande kimoja tu, kitakupa vipimo na umbo la kweli la jengo lako, na hilo ni bora kuliko picha yoyote ya kuigwa. Piga picha za kila hatua. Uliza pia mamlaka inayosimamia ujenzi mahali ulipo, kwa kuwa katika miji mingi kubadilisha uso wa jengo la kale, au hata bango lake, kunahitaji kibali.

Ukikuta rangi ya zamani, usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani za nje zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi hiyo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978 tu. Ipimwe kwanza.

Kuhusu kugawanya dirisha, Fundi Vioo amesema kweli kwa upande wa uzito, nami nitasema upande wa sura. Watu huona madirisha ya maduka ya kale yenye vipande vingi vidogo na kudhani kwamba huo ulikuwa urembo. Kwa sehemu kubwa yalikuwa mahitaji: kioo kikubwa kilikuwa kigumu kutengeneza na ghali kununua. Huko Uingereza kioo kilitozwa ushuru hadi mwaka 1845, na baada ya ushuru huo kuondolewa na vioo vikubwa kupatikana kwa bei nafuu, maduka yalianza kuweka vipande vichache vikubwa vilivyotenganishwa na nguzo nyembamba. Mitindo yote miwili ni ya kweli kwa wakati wake. Kitu nisichokubaliana nacho ni papi za mapambo zinazogundishwa juu ya kioo kimoja ili kionekane kama vipande vingi. Hazimdanganyi mtu, na nyuma yake maji na vumbi hukaa. Kwa uwazi wa mita 3.6 na nguo za kuonyesha, vipande viwili virefu vinatosha. Msitari wa nguzo ya katikati ulingane na msitari wa dirisha la ghorofani ikiwezekana, na kimo cha ubao wa jina kisizidi moja ya tano ya kimo chote. Ukizidi hapo, duka huonekana kama limekandamizwa.

Na mlango: upana wa kupita uwe angalau sentimita 80, na kizingiti kiwe karibu sawa na sakafu, ili mteja mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kusaidiwa. Hili halipingani na ushauri wa kuinua mbao, kwa sababu zinazoinuliwa ni nguzo. Kizingiti chenyewe kinaweza kuwa cha jiwe.

Mshonaji anaandika tena

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimefungua bango leo asubuhi. Ubao wa jina wa zamani haupo, lakini upande wa kushoto ipo nguzo bapa nzima, imefunikwa kwa mbao laini, na kichwa chake kimechongwa mistari mitatu ya wima. Nimeipima na kuichora kwenye karatasi ile ninayokatia ruwaza, na fundi wa pili amekubali kutengeneza ya kulia iwiane nayo. Tumekubaliana pia juu ya pini, kikuta cha tofali na kioo cha matabaka katika vipande viwili.

Nimebaki na maswali mawili. Juu ya taji la mbao, pale linapokutana na ukuta, anasema rangi itatosha. Je, ni kweli? Na kazi ikishafungwa, mimi nisiye seremala nitajuaje kama imefanywa ipasavyo kabla ya kulipa salio?

Seremala anajibu

Hongera kwa nguzo hiyo. Itunze, na umwombe fundi asiikwangue hadi rangi yake ipimwe.

Kuhusu taji, hapana, rangi haitoshi. Sehemu ya juu ya taji hupigwa na mvua na jua kuliko sehemu nyingine yoyote ya uso wa duka, tena huwezi kuiona ukiwa chini, kwa hiyo itaharibika bila wewe kujua. Ipewe mteremko kuelekea nje, kisha ifunikwe kwa bati la zinki au la risasi linaloanzia ndani ya ukuta, likiwa limeingizwa sentimita 2.5 kwenye kiungo cha matofali na kuzibwa kwa chokaa, na kuishia mbele kwa mkunjo unaoshuka kidogo kupita ukingo wa taji. Mahali hapo pasipofunikwa, maji yataingia nyuma ya ubao wa jina, na ubao huo ukioza utakuwa umelipia kazi ya maandishi mara mbili.

Kabla ya kufungwa, nenda karakanani siku mbili tofauti. Siku ya kwanza omba kipimo cha unyevu, kile chenye sindano mbili, na umwombe fundi akichome mbele yako kwenye mbao kadhaa. Ukiona zaidi ya asilimia 18, mbao hizo zisubiri. Siku ya pili nenda wakati vipande vimepakwa rangi ya msingi lakini havijaunganishwa, kisha pitisha kidole kwenye migongo ya mbao, ndani ya mifereji ya paneli na kwenye vichwa vyote. Sehemu hizo hazitaonekana tena maisha yake yote. Gusa na kingo za kila ubao: kingo kali hukataa rangi, kwa maana rangi ikiwa mbichi hujivuta na kuacha utando mwembamba pale kwenye ncha, kwa hiyo zote ziwe zimeviringishwa kidogo kwa msasa. Kama anatumia mafuta ya kitani, matambara yake yatandazwe nje yakauke au yalowekwe majini. Yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka.

Uso ukishasimama na vioo kuingia, ila koti la mwisho la rangi halijapakwa, chukua ndoo mbili za maji na kopo. Mwagia taratibu kuanzia kwenye taji, kisha kwenye ubao wa jina, kisha juu ya kioo, na mwisho kwenye kingo ya dirisha. Simama utazame maji yanakopita. Chini ya kingo yaanguke kutoka kwenye mfereji bila kuufikia ukuta. Chini ya papi yatoke kwa mbele. Na chini ya nguzo za mlango, lala kifudifudi ukibidi, uone mwanya ukipitisha maji upande hadi upande. Kisha ondoka, urudi baada ya saa moja na kitambaa kikavu cheupe. Pitisha kitambaa kwenye kila kiungo na kila kona. Mahali kitakapotoka na maji, weka alama kwa chaki, umwite fundi aparekebishe, na salio lisubiri hadi alama ya mwisho ifutwe.